Mimea na Habari Zinazopita Hewani: Majibu kwa Wasomaji

Mwezi uliopita safu hii ilidokeza kwamba mmea unaoliwa na wadudu hutoa kemikali hewani, na kwamba mimea iliyo karibu inaweza kuzipokea na kujiandaa kabla haijafikiwa. Dokezo hilo limetuletea barua nyingi, na baadhi yake zimeandikwa kwa umakini unaostahili zaidi ya jibu la mistari miwili. Kwa hiyo nafasi yote ya mwezi huu tumeitoa kwa jambo hili moja.

SWALI: Shikamoo Mhariri. Mimi ni mwanafunzi wa sekondari. Mmea hauna pua, hauna ubongo wala mishipa ya fahamu. Unawezaje basi kunusa kwamba jirani yake analiwa na viwavi? Na je, jambo hili limethibitishwa na watafiti, au ni hadithi tu inayopendeza kusimuliwa?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Jambo lenyewe ni kweli, lakini una haki ya kulitilia shaka, kwa kuwa wanasayansi nao walilitilia shaka kwa miaka mingi kabla ya kulikubali. Mwaka 1983 David Rhoades wa Chuo Kikuu cha Washington, nchini Marekani, alieleza kwamba miti ya jamii ya Salix, yaani mierebi, iliyovamiwa na viwavi ilibadilisha ubora wa majani yake kiasi cha kudumaza viwavi hao, na kwamba miti ya jirani isiyoguswa ilionyesha mabadiliko kama hayo, ingawa hapakuonekana mizizi iliyoiunganisha. Mwaka huohuo Ian Baldwin na Jack Schultz walichapisha jaribio lililofanywa ndani ya vyumba vilivyozibwa: walichana majani ya miche michache, na miche mizima iliyovuta hewa ileile ikaongeza kemikali za kujilinda, ilhali miche iliyowekwa katika chumba kingine haikufanya hivyo.

Magazeti yalilipokea jambo hilo kwa shangwe, na yakaanza kuzungumzia miti inayoongea. Wakosoaji hawakukawia. Mwaka 1985 Simon Fowler na John Lawton walionyesha kwamba huenda viwavi wa Rhoades walidumaa kwa sababu ya ugonjwa walioambukizana wao kwa wao, na kwamba miche iliyokaa pamoja katika chumba kimoja haiwezi kuhesabiwa kama majaribio mengi yanayojitegemea. Hoja hizo zilikuwa na uzito, na kwa miaka kadhaa watu wengi walilipa kisogo suala hili. Binafsi naona kwamba ukosoaji ule uliisaidia sana taaluma hii, maana waliofuata walilazimika kupanga majaribio yasiyoacha mwanya.

Jaribio lililogeuza mambo lilifanywa na Edward Farmer na Clarence Ryan mwaka 1990. Walichukua matawi ya kichaka kiitwacho Artemisia tridentata, ambacho majani yake hutoa kemikali inayojulikana kama methili jasmoneti, wakayafungia pamoja na mimea ya nyanya katika chombo kisichopitisha hewa. Majani ya nyanya, bila ya kujeruhiwa hata kidogo, yalianza kujikusanyia protini zinazovuruga umeng'enyaji wa chakula katika tumbo la mdudu. Kemikali hiyohiyo ilipotumiwa peke yake, bila kichaka, matokeo yalikuwa yaleyale. Hapo ndipo ilipodhihirika kwamba kemikali inayopita hewani, na inayojulikana kwa jina na kwa muundo, inaweza kuamsha ulinzi wa mmea ambao haujaguswa na mtu wala mdudu.

Sasa nije kwenye swali lako la pua. Kiwavi anapouma jani, seli hupasuka na mafuta yaliyomo katika utando wa seli hukutana na vimeng'enya ambavyo kwa kawaida hutengwa navyo. Vimeng'enya hivyo huyakata mafuta na kuyageuza kuwa molekuli ndogo zenye kaboni sita, nyepesi kiasi cha kuruka hewani mara moja. Hizo ndizo zinazoleta ile harufu ya nyasi mbichi zilizofyekwa, ambayo bila shaka unaifahamu, na mojawapo inaitwa heksenali. Huanza kutoka ndani ya sekunde chache tu. Saa kadhaa baadaye huja wimbi la pili, nalo lina kemikali nyingine ambazo mmea huzitengeneza upya, zikiwemo za jamii ya terpini, na hizi hutoka hata katika majani ya mmea uleule ambayo hayajaguswa.

Upande wa kupokea, majani yana vitundu vidogo sana ambavyo hufunguka na kufumba ili kupitisha hewa na mvuke wa maji, navyo huitwa stomata. Mwaka 2023 kundi la Masatsugu Toyota wa Chuo Kikuu cha Saitama, nchini Japani, lilitumia mimea midogo ya Arabidopsis iliyobadilishwa vinasaba ili seli zake zing'ae kila kiwango cha kalisiamu kinapopanda ndani yake. Watafiti waliweka viwavi na majani ndani ya chupa, kisha wakaielekeza hewa ya chupa hiyo kwenye mimea mizima. Mwanga ulienea kwenye majani yaliyofikiwa na hewa ile. Walipoipeleleza heksenali yenyewe, waliona kwamba seli mbili zinazokilinda kila kitundu cha stomata ndizo zilizotangulia kung'aa, kwa muda unaokaribia dakika moja, kisha zikafuata seli za ndani ya jani. Vitundu vilipofumbwa kwa homoni ambayo mimea huitumia wakati wa ukame, mwitikio ulipungua. Kwa hiyo mmea hauhitaji pua: kemikali huingia kwa mlango uleule unaoingiza hewa, na kila seli inayofikiwa huitikia yenyewe.

Tena kuna jambo linalonistaajabisha zaidi kuliko yote niliyokueleza. Mwaka 2014 watafiti wa Japani walionyesha kwamba nyanya hupokea hewani heksenoli, kemikali nyingine ya harufu ya majani mabichi, iliyotolewa na nyanya jirani zinazoliwa, huiunganisha na sukari ndani ya majani yake, na kuigeuza kuwa dutu inayodhoofisha viwavi na kupunguza uwezo wao wa kuishi. Hapo kemikali iliyotoka kwa jirani imekwenda hatua moja mbele ya kuleta habari, kwa kuwa imekuwa malighafi ya silaha yenyewe.

SWALI: Ndugu Mhariri, hili la mmea kumwonya jirani linanipa taabu. Mimea inagombania maji, mwanga na rutuba. Kwa nini mmea utumie nguvu zake kumsaidia mshindani? Nimefundisha baiolojia kwa muda mrefu, na sioni jinsi uteuzi wa asili unavyoweza kuruhusu ukarimu wa namna hiyo.

JIBU: Mwalimu, umegusa kiini cha mjadala, na mimi nipo upande wako. Usemi kwamba mmea “humwonya” jirani umetumika mno, nami naona kwamba umewapotosha wasomaji wengi, kwa kuwa unatufanya tumtafute mfadhili mahali ambapo huenda hayupo. Yaelekea mpokeaji wa kwanza wa habari hizi ni mmea wenyewe unaozitoa.

Fikiria mti wenye matawi mengi. Tawi moja likivamiwa, ishara za ndani hupita katika mirija ya kusafirisha maji na chakula, lakini mirija hiyo haiunganishi kila jani na kila jani. Majani mawili yanayopakana kwa macho yanaweza kuwa mbali sana kwa njia ya mirija, na kiwavi anayetambaa hafuati mirija hiyo. Hupita moja kwa moja kutoka jani hili hadi lile. Hewa ndiyo njia ya mkato. Mwaka 2006 Richard Karban wa Chuo Kikuu cha California, Davis, pamoja na wenzake, walikata majani ya tawi moja la Artemisia tridentata na kulinganisha matawi mengine ya kichaka hichohicho. Matawi yaliyofikiwa na hewa ya tawi lililojeruhiwa yaliliwa kwa kiasi kidogo kuliko mengine katika msimu huo, lakini hewa hiyo ilipozuiliwa kwa mfuko wa plastiki, nafuu hiyo ilitoweka, ingawa mirija ya ndani ilikuwa palepale. Mwaka 2007 Martin Heil na Juan Carlos Silva Bueno walipata matokeo ya namna hiyo katika maharage ya lima, ambayo yakishambuliwa hutoa nekta nje ya maua na kuwavutia sisimizi wanaowafukuza wadudu: majani mazima yaliongeza nekta pale tu yalipofikiwa na hewa kutoka kwa majani yaliyoliwa.

Ikiwa hivyo ndivyo, basi jirani ni kama mtu anayesikia mazungumzo ya nyumba ya pili kupitia dirisha lililo wazi: habari hazikuelekezwa kwake, ila amezipata, na si mjinga wa kuziacha zipite bure. Uteuzi wa asili hauna tatizo lolote na hilo, kwani anayesikia ndiye anayenufaika kwa masikio yake mwenyewe. Umbali nao unalingana na fikra hii, maana katika vichaka vya Karban athari ilionekana kwa majirani waliokuwa ndani ya sentimita 60 hivi, umbali ambao mara nyingi hauvuki ukubwa wa kichaka kimoja.

Hata hivyo, undugu haukosi nafasi. Mwaka 2013 Karban na wenzake walionyesha kwamba vichaka vilivyopokea hewa ya ndugu wa karibu kinasaba vilipata kinga kubwa kuliko vilivyopokea hewa ya vichaka visivyo na undugu nao. Pale ambapo mbegu huangukia karibu na mama yake, jirani wa sentimita 60 mara nyingi ni ndugu, na kumnufaisha ndugu si hasara tupu.

Ningependa pia uwaeleze wanafunzi wako kwamba jirani anayesikia mara nyingi haanzishi vita papo hapo. Kutengeneza sumu na protini za ulinzi kunagharimu nitrojeni na nguvu ambazo zingetumika katika kukua na kuzaa, na harufu peke yake inaweza kuwa tetesi zisizofuatiwa na mdudu yeyote. Katika majaribio ya mahindi yaliyochapishwa na Jurgen Engelberth na wenzake mwaka 2004, miche iliyonusa kemikali za majani mabichi ilibadilika kidogo tu mwanzoni, lakini ilipojeruhiwa na kuguswa na mate ya viwavi baadaye, iliitikia kwa nguvu zaidi kuliko miche ambayo haikunusa chochote. Mmea hukaa chonjo, ukisubiri ushahidi wa pili.

Wala wanaosikia si mimea yenye nia njema peke yake. Mmea wa jenasi Cuscuta, ambao hauna majani ya maana na huishi kwa kuwafyonza wengine, huota ukiwa uzi mwembamba, na mwaka 2006 Justin Runyon, Mark Mescher na Consuelo De Moraes walithibitisha kwamba uzi huo hukua kuelekea harufu ya nyanya. Kila harufu inayotolewa ina hatari ya kumfikia adui.

SWALI: Je, mmea huhisi maumivu unapoliwa?

JIBU: Hapana ushahidi wa hilo. Maumivu kama tunavyoyajua yanahitaji mfumo wa neva na ubongo wa kuyapokea, na mmea hauna. Harufu ya nyasi zilizofyekwa hutokana na vimeng'enya vinavyokutana na mafuta katika seli zilizopasuka, na hutokea hata kwa jani lililokwisha kutengwa na mmea wake.

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, nimewahi kusoma kwamba mimea huwaita nyigu waje kuwaua viwavi. Naomba ufafanuzi, kwa kuwa linaonekana kama jambo la kubuni.

JIBU: Si la kubuni, na kwa maoni yangu hii ndiyo sehemu iliyochunguzwa vizuri kuliko nyingine zote. Katika miaka ya 1980 Marcel Dicke na Maurice Sabelis, nchini Uholanzi, walionyesha kwamba maharage ya lima yaliyovamiwa na utitiri hutoa mchanganyiko wa kemikali unaowavuta utitiri wa aina nyingine, Phytoseiulus persimilis, ambao chakula chao ni utitiri wale wa kwanza. Mwaka 1990 Ted Turlings, James Tumlinson na Joe Lewis walilionyesha jambo kama hilo kwa mahindi: miche iliyoliwa na viwavi ilitoa harufu iliyowavuta nyigu wadogo wanaotaga mayai ndani ya kiwavi, ili mabuu yao yamle kutoka ndani. Nyigu hawa hawana shughuli na watu, na wengi wao ni wadogo kuliko punje ya mchele.

Swali lililowashughulisha watafiti ni jinsi mmea unavyotofautisha jeraha la kiwavi na jeraha la upepo au la mkasi. Jibu limo katika mate. Mwaka 1997 wanasayansi waliitenga dutu waliyoiita volisitini katika matapishi ya kiwavi. Ikipakwa kwenye jani la hindi lililokwaruzwa, mmea hutoa harufu ya kuwaita nyigu, lakini mkwaruzo peke yake hauleti mwitikio huo kikamilifu.

Kisa cha tumbaku mwitu ya jangwa la Utah, Nicotiana attenuata, ni cha ajabu zaidi. Jani lake likichanika, hutoa heksenali za umbo moja kwa wingi. Silke Allmann na Ian Baldwin walieleza mwaka 2010 kwamba mate ya kiwavi wa nondo aitwaye Manduca sexta yana uwezo wa kugeuza sehemu ya molekuli hizo kuwa za umbo la pili, zenye atomi zilezile ila zimepangwa kwa namna tofauti. Mdudu mwindaji wa jenasi Geocoris huutambua uwiano huo mpya, na huufuata hadi penye mayai na vijana wa nondo. Kiwavi anajisaliti kwa mate yake mwenyewe, katika saa yake ya kwanza ya kula. Awali, mwaka 2001, André Kessler na Baldwin walikuwa wamepima faida ya harufu hizo porini, katika makazi ya asili ya mmea huo, na kukadiria kwamba mmea unaweza kupunguza idadi ya wanaoula kwa zaidi ya asilimia 90 kwa kuwaita wawindaji na kuwafukuza nondo wanaotafuta pa kutagia.

SWALI: Kuna kisa maarufu cha tandala waliokufa Afrika Kusini kwa kula migunga iliyokuwa imeonyana kwa upepo. Mbona hukukitaja?

JIBU: Nilikiacha kwa makusudi, na nashukuru kwa kuniuliza. Katika miaka ya 1980 tandala wengi walikufa katika mashamba ya wanyamapori yaliyozungushiwa uzio, na Wouter van Hoven wa Chuo Kikuu cha Pretoria alihusisha vifo hivyo na tanini, yaani kemikali chungu ambayo hushikamana na protini na kuzuia chakula kisimeng'enywe. Sehemu hiyo inaeleweka vyema: wanyama walikuwa wengi kupita kiasi, msimu ulikuwa mkavu, na uzio uliwazuia kuhamia malisho mengine kama ambavyo wangefanya porini. Sehemu ya pili, kwamba migunga iliyoliwa ilipeleka gesi ya ethilini kwa migunga mingine iliyo mbali, haijapata kuungwa mkono na majaribio ya kiwango nilichokieleza kwa nyanya, mahindi au Artemisia. Imesimuliwa mara nyingi kuliko ilivyopimwa, na mtu anayetaka kuwashawishi wengine juu ya uwezo wa mimea hana haja ya kuitegemea.

SWALI: Ninalima mahindi. Je, elimu hii ina faida yoyote shambani, au nikate majani ya mimea michache ili mingine ijiandae?

JIBU: Usikate majani, ndugu yangu. Utaipunguzia mimea eneo la kutengeneza chakula, na harufu utakayoitoa itafika umbali mfupi tu, tena itakosa ule ushahidi wa mate niliokwisha kuueleza. Faida ya elimu hii ipo mahali pengine.

Taasisi ya utafiti ya ICIPE nchini Kenya, ikishirikiana na kituo cha Rothamsted cha Uingereza, imekuza tangu miaka ya 1990 mfumo wa kilimo unaojulikana kama vuta-sukuma. Pembezoni mwa shamba hupandwa majani ya nepia, ambayo harufu yake huwavuta nondo wa funza wa mabua kuliko mahindi yanavyowavuta, lakini funza wengi wanaoanguliwa juu yake hawafiki mbali, kwa kuwa mmea huo hutoa utomvu wenye kunata. Katikati ya mistari hupandwa mmea mwingine. Mwaka 1997 Zeyaur Khan na wenzake waliripoti kwamba nyasi za Melinis minutiflora, zikichanganywa na mahindi, huwafukuza nondo na wakati huohuo huwavuta nyigu wa Cotesia sesamiae, kwa kuwa hata zikiwa nzima hutoa aina ya kemikali ambazo mimea mingine huzitoa inapoliwa. Desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde ambao wakulima wengi wameupendelea kwenye nafasi hiyo, una faida nyingine ya chini ya ardhi, kwani mizizi yake huzuia kiduha, yaani gugu linalofyonza mimea mingine, kisijishikize kwenye mizizi ya mahindi.

Mbegu nayo ina neno lake. Sergio Rasmann na wenzake walieleza mwaka 2005 kwamba mizizi ya mahindi ikiliwa na mabuu ya mbawakawa hutoa kemikali ya kariofilini ambayo huwavuta nematodi, yaani minyoo midogo sana ya udongoni, wenye kuwaua mabuu hao, lakini aina nyingi za mahindi ya Amerika Kaskazini zimeupoteza uwezo huo katika karne ya kuzalishwa kwa ajili ya mavuno. Vivyo hivyo, watafiti wa ICIPE walionyesha mwaka 2011 kwamba baadhi ya mbegu za asili za mahindi huita nyigu mara tu nondo anapotaga mayai juu yake, kabla funza hajaanguliwa, ilhali mbegu chotara walizozilinganisha nazo hazikufanya hivyo. Nasikitika sana kwamba sifa kama hii ilipotea bila ya mtu kujua kwamba ipo, na nafurahi kuona kwamba wazalishaji wa mbegu wameanza kuitafuta tena.

Kabla ya kunyunyizia dawa inayoua kila mdudu, basi, chunguza viwavi walioko kwenye majani yako. Ukikuta kiwavi amezubaa, hali wala hatambai, na ubavuni pake pameganda vifuko vidogo vyeupe au vya njano vinavyofanana na pamba, hivyo ni vifukofuko vya mabuu ya nyigu yaliyokwisha kutoka mwilini mwake. Mwache hapohapo alipo, kwa sababu baada ya siku chache vifuko hivyo vitatoa nyigu wazima, ambao wataanza kufuata harufu ya majani mengine yanayoliwa.